Kituo Kilichojengwa Mlangoni kwa Etagegn

Siku ya pili ya matanga ya baba yake, Gashaw alikaa chini ya turubai la chama cha kuzikana akiomba jambo moja tu: bibi Etagegn asije. Aibu ilioje, mtu kufiwa halafu akaomba wafariji wapungue! Yeye mwenyewe alijiona hovyo.

Gashaw ni dalali wa nyumba, na mdomo wake hauna breki. Treni ya umeme ilipokuwa bado vigingi vya wapimaji, huko pembezoni mwa Addis Ababa, alimwendea Etagegn, jirani aliyemkuza kwa maziwa ya ng'ombe wake.

"Mama, uza mapema," alimwambia. "Hilo dude likianza kupita, kuta zitapasuka, usingizi hutaupata, na nyumba hii hataitaka hata mwendawazimu."

Mama wa watu akaamini. Akauza kwa bei ya kutupa, kwa mfanyabiashara ambaye Gashaw alikwisha kumnong'oneza kituo kitajengwa wapi. Kisha akahamia mbali, nyuma ya vilima, ambako basi hufika likipenda.

Treni ikaja. Watu wa maofisini wakauvamia mtaa wakitafuta nyumba, bei zikaumuka kama unga wa mkate wa injera uliosahaulika jikoni, na Gashaw akanunua viatu vya ngozi.

"Siku hizi unauza mpaka kivuli cha ukuta," Demissew, jirani yake, alimtania hapo hapo msibani. "Mtu akifika kituoni bila kuhema tu, umeshampandishia kodi!"

Watu wakacheka kwa adabu. Gashaw hakucheka, kwa maana Etagegn alikuwa anaingia, shuka lake jeupe limejaa vumbi kwenye pindo. Huko mtu huhama mtaa, lakini chama chake cha kuzikana hakihami.

"Pole, mwanangu," alisema, akiketi karibu naye. "Jana mazishi yalinipita. Nilisubiri basi mpaka jua likawa kali, halikuja. Nikarudi ndani nalia."

Akapewa ngano ya kuchemsha kiganjani. Nje ya turubai treni ikapita, na bibi akatega sikio.

"Mbona imetulia hivi? Mimi nangojea zile kelele ulizoniambia."

Gashaw alitamani ardhi immeze.

"Nitafutie chumba huku, baba," Etagegn akaendelea. "Miguu imechoka, na nataka kuzikwa na watu wangu. Nakuamini wewe tu."

Kwa bei za sasa, alizozipandisha yeye mwenyewe, bibi angeweza kumudu chumba kimoja tu mtaani. Gashaw alikuwa na funguo za chumba hicho mfukoni.

"Kipo," akasema, macho chini. "Uani, kwa yule aliyenunua kwako."

"Kile nilichofugia kuku?"

"Ndicho, mama."

Etagegn akatafuna ngano yake, akifikiri. "Sawa, nakitaka. Lakini kuta je, hazijapasuka? Nisije nikaangukiwa."

"Hazijapasuka," akasema Gashaw. "Haujapasuka hata mmoja."

Kisha akafunika uso kwa mikono na kulia kwa sauti, mabega yakimtikisika. Turubai zima likamwonea huruma.

"Lia, mwanangu," Etagegn akamwambia, akimpapasa mgongoni. "Baba ni baba."