Wiki Moja Bila "Hakika"

Katika nyumba ya Muhsina, mtaa wa Azaiba kule Uarabuni, Wilkister alikuwa ameacha kusema. Kazi yake haikuwa na dosari: alimwogesha Bi Fajr, mama yake Muhsina, alimlisha, alimgeuza kitandani. Lakini akiulizwa mgonjwa kaamkaje, jibu lilikuwa moja: "Sawa, madam."

Muhsina alijua sababu. Kwa miezi minne yeye, mwenye Kiswahili cha Unguja, alikuwa akimsahihisha muuguzi huyo Mkenya kila alipofungua kinywa. Si "ako", ni "yuko". Umekosea, hakika umekosea. Na Bi Fajr alikuwa na miaka themanini na sita na mapafu mabovu. Mwaka jana yalimfikisha ukingoni, na daktari alionya kwamba mara nyingine akichelewa kuletwa hata siku moja, hatapona. Wa kuiona siku hiyo mapema alikuwa Wilkister, na Wilkister hakuwa akisema.

Muhsina alikuwa amestaafu kazi ya utabiri wa hali ya hewa. Mwezi ule ilikuwa zamu yake kuzungumza mbele ya wanawake wenziwe wa kikao chao cha kila mwezi, akachagua tabia za Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani. Aliwaeleza kwamba bwana huyo alikuwa akikaa uchi chumbani asubuhi, akiamini hewa baridi humjenga mtu.

"Na akae Azaiba mwezi wa saba, tumwone!" alisema wifi yake, Ruqaya, na wote wakaangua kicheko.

Muhsina akaendelea kueleza kwamba Franklin aliambiwa na rafiki yake kuwa ana kiburi katika mazungumzo. Hakununa. Alijipiga marufuku maneno kama "hakika" na "bila shaka", akawa anasema "naona" au "kwa sasa yanielekea kuwa". Baadaye alikiri kwamba unyenyekevu wenyewe hakuupata, ila sura yake tu. Na lau angeupata, pengine angejivunia.

"Hilo lijaribu wewe, wifi yangu," Ruqaya alisema. "Wewe hata adhana ukiisikia watazama saa, umkosoe muadhini."

Muhsina hakuchukia. Dai linaloweza kupimwa hupimwa. Alijipa wiki moja.

Siku ya kwanza aliuma ulimi mara kumi na moja. Siku ya tatu Wilkister alisema, bila kuulizwa, kwamba Bi Fajr amekula ndizi nzima. Siku ya tano, asubuhi, alimfuata Muhsina jikoni.

"Madam, mama ako na homa."

Muhsina alikwenda na kipimajoto. Thelathini na sita nukta saba. Jibu lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Kwa nionavyo sasa," alisema polepole, "kipimo hakioneshi homa. Wewe umeona nini?"

Wilkister alimtazama, kama ajaribuye kina cha maji kwa mguu. "Anatoka kamasi tangu jana. Na sasa imeshuka kwa kifua. Hesabu vile anapumua."

Hapo Muhsina akang'amua. Kwa watu wa Unguja homa ni joto la mwili. Kwa Wilkister homa ni mafua. Alishika saa, akahesabu pumzi za mama yake dakika nzima: ishirini na tisa, nyingi mno kwa mtu aliyelala.

"Nna usingizi tu," alinung'unika Bi Fajr. "Msinihesabu kama maembe."

Nusu saa baadaye gari lao lilikuwa limeshapita maduka ya magari ya Wattaya, likielekea hospitali. Hospitalini, picha ilionesha uambukizo umeanza chini ya pafu la kulia. Daktari Nasr alisema wazee wengi hawapandi joto, ndiyo maana huletwa wamechelewa.

"Umefanya vyema kumleta leo, mama. Una jicho."

"Si mimi," Muhsina alisema. "Mimi nilikuwa na kipimajoto, nacho kiliniambia hana kitu. Aliyeona ni Wilkister. Muulize yeye."

Daktari akageuza kiti. Wilkister alieleza kikohozi, maji yaliyobaki gilasini, ubavu ambao mgonjwa hakuweza kuulalia. Mengi Muhsina aliyasikia kwa mara ya kwanza, na hakusahihisha hata silabi moja.

Baada ya siku nne Bi Fajr aliruhusiwa. Gari liliposimama mlangoni, Muhsina alizima injini lakini hakushuka.

"Mama yangu yu hai kwa sababu ulisema," alimwambia Wilkister. "Nakushukuru. Na miezi yote ile nilikuonea."

"Na mimi nilifaa kusema tu, madam, hata ukinigombeza. Ni kazi yangu."

Muhsina alilifikiria. "Basi tulikosa sote. Alhamdulillahi, baya halikutufika."

"Mtanishusha," aliuliza Bi Fajr kutoka nyuma, "au nilale humu?"

Wakamshika, kila mmoja mkono wake, wakampandisha ngazi tatu za mlango.