Karanga Zimekomaa Fataki

Karanga yangu ilikuwa nzuri, na nilijua ni nzuri, kwa hiyo Laurent aliposema tuiache nilimwambia usoni kwamba haachi mtu kitu hapa.

Laurent ndiye aliyekuwa mkubwa wetu katika kituo kidogo cha mbegu hapa Bunia. Mtu mpole, na upole wake ulinichosha. Karanga yenyewe niliizalisha mimi: mama yake ni ile nyekundu ndogo ya Djugu inayovumilia ugonjwa wa majani, baba yake ni mbegu ya mbali yenye mafuta mazuri. Jioni nilifungua ua la mama kwa kibanio na kuondoa chavua yake, asubuhi nikalipaka chavua ya baba, na misimu ikapita hivyo. Nilitaka asidi ya oleiki iwe nyingi na ya linoleiki iwe kidogo, kwa sababu hiyo ya pili huharibika upesi na kuyapa mafuta harufu mbaya yakikaa. Mama zetu wa sokoni wanaijua harufu hiyo. Ndiyo inayowalazimisha kuuza haraka, kwa bei ya kutupa.

Kituoni mafuta yalitoka safi. Lakini tuliwapa wakulima wa Fataki, kaskazini mwa Bunia, mbegu hiyo hiyo, na karanga zao zilipopimwa, oleiki ilikuwa imeshuka vibaya. Laurent alisema mbegu inayotii mbele ya macho ya aliyeizaa tu si mbegu ya mkulima. Hapo alisema kweli, nami nikazidi kukasirika. Akanipa msimu mmoja zaidi. Nikishindwa, shamba langu la majaribio litapandwa maharage.

Nilipanda pikipiki hadi Fataki, kwa mama Domitille, mjane aliyelima kipande kikubwa kuliko wenzake. Nilivunja maganda mbele yake. Ndani yalikuwa meupe kabisa. Karanga iliyokomaa, ganda lake huwa limeingia weusi kwa ndani. Hizi ziling'olewa zikiwa changa, na karanga changa haijamaliza kutengeneza oleiki yake. Mbegu haikuwa na kosa. Nilimfokea yule mama, nikamwambia haraka yake imeharibu kazi yangu ya miaka.

Hakujibu kwa hasira. Alinikalisha, akanipa chai, akanieleza kwamba huko kila mtu hung'oa mapema. Wakati wa vita, waliongoja karanga zikomae walikimbia wakaziacha, zikaliwa na wengine. Waliong'oa changa walikimbia na chakula kichwani. Sasa silaha zilikuwa zimekusanywa, nyingi ingawa si zote, na watu walikuwa wamerudi kwao, lakini bado waling'oa vile vile.

Niliona aibu. Ila aibu yangu huwa haikai sana. Nilimwomba msimu huu aziache ardhini mpaka nitakapomwambia, na baada ya kufikiri sana alikubali.

Mavuno yalipokaribia, habari zilifika Bunia kwamba risasi zimesikika upande wa milimani na watu wa Fataki wanafunga mizigo. Nilimpigia simu mama Domitille. Mimi ninayejulikana kwa mdomo, safari hii niliomba.

“Maman, ngoa kalanga yote leo. Mbegu nitatafuta ingine.”

“Majirani walisha kungoa,” alisema. “Ulikuja hapa kunikaripia juu ya haraka, sasa ni weye wa Bunia unaogopa? Miye niko na mihogo, na miguu yangu ingali na nguvu. Kalanga itabakia.”

Nilimsihi, akakata simu. Siku zikapita. Risasi hazikusikika tena, mizigo ikafunguliwa, na wakati ulipotimia nilipanda tena pikipiki.

Nilikuta karanga zimeanikwa uani, nene, nzito mkononi. Kipimo kilikuwa bado, lakini sikukihitaji ili nijue. Nilikuwa tayari natunga maneno ya kumwambia Laurent. Débora, mkamwana wa mama Domitille, alikuwa ameketi akibambua, na nilimwona akitupa nyingi kando, ganda na punje pamoja. Nilimuuliza kwa nini anatupa karanga zangu.

“Zimeoza, maman,” aliniambia kwa upole. “Angalia, mu ndani iko nyeusi.”

Débora alikimbia na watu wake akiwa mtoto. Alikulia kambini, akaolewa hapa, na kila msimu alizing'oa changa pamoja na wengine. Nilitaka kumfundisha, lakini nikamwachia mama mkwe wake.

Mama Domitille alichukua lile ganda mkononi mwa Débora, akaligeuza kwenye jua, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea bila kicheko.

“Hapana, mutoto yangu,” alisema. “Ndio vile kalanga inakuwaga.”