Mlango wa Uani Ulipohamishwa

Nyumba ilikuwa imewabana siku nyingi. Pacha walishakuwa wasichana wakubwa, na bado walilala sebuleni kwenye godoro ambalo kila asubuhi lilikunjwa na kusukumwa nyuma ya kochi. Jiko lilikuwa nje, na mvua ikinyesha Mama Pacha alipika huku mkono mmoja umeshika mwavuli. Basi mwaka huo shamba lilipotoa vizuri, mumewe alisimama katikati ya sebule na kutangaza: vyumba viwili vinaongezwa, na jiko linaingia ndani.

Mama Pacha alifurahi mpaka akakosa usingizi. Kilichomkosesha raha ni mama mkwe.

Walikuwa wameishi pamoja tangu aolewe. Hawakuwahi kutupiana maneno makubwa, lakini yule mama alikuwa mkali kupindukia kwa habari ya vitu. Ukisogeza kigoda kidogo tu, unasikia, "Nani kahamisha? Nyumba hii kila mtu anaweka anapotaka?" Tena kulikuwa na hili la kumkaushia. Mama Pacha angepita mbele yake akitabasamu, na mama mkwe angebaki ametazama mbele kama aliyepitiwa na upepo. Zamani lilimliza. Baadaye alizoea, akajiambia: hanipendi, basi.

Alipoelezwa habari za ujenzi, mama mkwe aliuliza jambo moja tu.

"Mlango wa uani mtauacha?"

"Tutausogeza upande wa pili, mama," mwanawe alisema. "Pale patakuwa ukuta wa chumba cha pacha."

Mama mkwe aligeukia upande wa mlango ule. "Jengeni. Nyumba ni yenu."

Fundi akaja, mtu mfupi mwenye sauti nene, waliyemwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta ulionyooka, kwa sababu hakuweza kupita penye kitu kilichopinda bila kukisema, hata kiwe kofia ya mwenye nyumba. Familia nzima ikawa vibarua wake. Baba Pacha alibeba matofali, pacha wakateka maji, na Mama Pacha akashika beleshi akikoroga udongo na saruji mpaka viganja vikaota malengelenge. Mama mkwe, kwa kukwepa vumbi, alishinda kwa jirani na kurudi jioni kwa mlango wa mbele.

Siku moja akiwa huko, Timazi aliziba mlango wa zamani.

Asubuhi yake Mama Pacha alikuwa anafagia ukumbini. Mama mkwe akatoka chumbani na kopo lake la maji, kichwa juu, mwendo wake uleule wa kila siku, akaelekea uani. Mama Pacha alimtazama akiukaribia ukuta mpya. Atasimama, aliwaza. Hakusimama. Paji la uso likagonga tofali, kopo likaanguka na maji yakatapakaa.

"Mama!"

Mama mkwe alikuwa ameweka viganja ukutani, anapapasa juu, anapapasa chini. "Kumbe mmeshaziba," alisema kwa sauti ndogo. Kisha, "Funga huo mlango wa sebule. Watoto wasinione."

Mama Pacha aliinua mkono taratibu, akaupitisha mbele ya macho ya yule mama. Hayakuufuata.

"Mama, huoni?"

"Mwanga nauona. Mchana naujua, usiku naujua. Watu nawajua kwa miguu yao."

"Tangu lini?"

"Ilianza pembeni, pacha wakiwa wadogo. Ikaja polepole mpaka katikati."

"Na hukusema!"

"Ningesema, mumeo angenipeleka kwa dada yake, kwenye ile nyumba ya ngazi, nikakae kitini kama mzigo. Hapa kila kitu nakijua kilipo. Ilimradi tu msihamishe."

Mama Pacha alikaa chini, palepale kwenye maji. Vigoda, ndoo, kelele zote zile. Akauliza lililomkaa kooni miaka mingi: "Na kunipita bila kuniitikia, mama?"

"Wewe unatembea kama paka! Nisikie nini? Mimi nikadhani wewe ndiye hutaki kunisalimia."

Kila mmoja akawa anaihesabu upya miaka yake.

Mama mkwe alimwomba iwe siri yao wawili. Mama Pacha alikataa. "Hiyo siiwezi. Leo ni ukuta, kesho ni moto."

Baba Pacha alipoambiwa, aliketi juu ya mfuko wa saruji akajishika kichwa. Kisha akainuka kwa kishindo. "Timazi! Bomoa hapo, rudisha mlango!"

"Usiguse tofali," mama yake alisema. "Pacha watalala wapi, kichwani kwako? Mimi sijasema msijenge. Nilichotaka ni kuambiwa ukuta uko wapi kabla haujaniambia wenyewe."

Walimpeleka hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho. Nuru iliyokwisha kwenda hairudi, dawa ya matone ingelinda kile kidogo kilichobaki. Njia nzima ya kurudi Baba Pacha alijilaumu. Mama yake ndiye aliyembembeleza.

Tangu hapo hakuna ukuta uliopanda kabla mama mkwe hajaupitia msingi wake kwa miguu, mkono ukiwa begani kwa Mama Pacha, ambaye siku hizi alivaa ndara ngumu zenye kelele kusudi asikike. Kwenye jiko mama mkwe alikataa ramani. Alitaka mlango utazamane na wa chumba chake, aende moja kwa moja.

"Bibi, mlango utakaa pembeni mno," Timazi alilalamika. "Utaonekana umekosewa."

"Utaonekana na nani?"

Timazi akaenda kuchukua kamba ya vipimo.

Siku bati la mwisho lilipopigiliwa, wanawake wale wawili walisimama uani wakisikiliza nyundo ikinyamaza.

"Rangi gani?" mama mkwe aliuliza.

"Bluu. Mwanao kachagua mwenyewe."

"Bluu ya namna gani?"

Mama Pacha alikodolea paa lile macho. Zamani angesema nzuri, yakaisha. "Kama ndoo ya plastiki, mama. Inaumiza macho."

Mama mkwe alicheka mpaka akamshika mkono asianguke. "Basi mimi nimenusurika," alisema. "Ila usimwambie. Mwache afurahi."