Jina la Kwanza kwenye Fomu

Saa mbili na nusu asubuhi Lea alikuwa ameshashuka kwenye lori la mahindi, amejifuta vumbi usoni kwa ncha ya khanga na kupanga foleni kwenye ofisi ya wilaya, Kiomboi. Ndani ya bahasha aliyoikumbatia mlikuwa na fomu ya wanawake kumi na watano wa Misigiri, wanaokamua mafuta ya alizeti kwa mashine ya mkono. Shule ya bweni ilitaka madumu arobaini kila muhula, na safari hii zabuni ilitengwa kwa vikundi vya wanawake tu, vyenye cheti cha usajili. Mwisho wa maombi ulikuwa siku hiyo hiyo, saa nane. Tangu ushirika ufe na watu kuambiwa soko ni huria, walikuwa wakiuza mafuta yao kwa chupa barabarani, abiria akijipangia bei kupitia dirisha la basi. Bila cheti wangerudi huko huko.

Zamu yake ilifika saa tano.

"Shikamoo mama," alisema karani Gaspari, kijana wa shati lililonyooka kwa pasi.

"Marahaba, mwanangu."

Kalamu ya Gaspari ilikwama mstari wa kwanza. "Mwenyekiti ni Elisha. Huyu si mwanaume?"

"Ni baba mkwe wangu. Mashine iko kwenye banda lake. Hajakamua hata kijiko, na vikaoni haji. Tumemweka kwa heshima tu."

Kwao hakuna aliyeona kosa. Ukifanyia kazi kwenye boma la mtu mzima, jina lake linatangulia. Hata orodha za michango ya harusi huandikwa hivyo. Wanawake kumi na watano wenye akili timamu walikubaliana bila ubishi, na adabu hiyo ndiyo iliyowaponza.

"Mwongozo unataka kikundi kiongozwe na mwanamke, mama. Hapa naona biashara ya mzee, na nyie vibarua wake."

"Vibarua?" Lea aliweka viganja vyake mezani, sugu juu ya sugu. "Mzee Elisha ana miaka themanini. Mpini ule angeuweza?"

Gaspari aliviangalia viganja vile, na kwa kweli alimhurumia. Lakini huruma haigongi muhuri. "Fanyeni kikao, mmtoe. Muhtasari usainiwe na wote, uniletee kabla ya saa nane."

"Wenzangu wako Misigiri, baba, na lori la kurudi ni la jioni!"

"Tarehe sikuipanga mimi, mama. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Mselemu, mfanyabiashara wa nafaka, akimtanguliza mke wake mdogo, Swaumu. Fomu yao, nayo ya mafuta ya alizeti, ilikuwa imepigwa taipu: mwenyekiti Swaumu, katibu mke mkubwa, mweka hazina dada yake Mselemu. Wanawake watupu! Karani alipouliza jina la kikundi, Swaumu alimgeukia mumewe, na mumewe ndiye aliyejibu. Muhuri ukagongwa.

Lea alitoka akaketi ngazini. Alikuwa na hasira, na aibu pia. Angewaambia nini wenzake? Na mzee wa watu akisikia kwamba jina lake ndilo lililowanyima zabuni, si atajiona mkosi nyumbani kwake mwenyewe?

Swaumu alitoka peke yake. Mumewe alishaelekea garini. Aliinama karibu na Lea, cheti mkononi.

"Shikamoo mama. Samahani. Wamesema keshokutwa mkaguzi atakuja kuniuliza kazi yetu." Akashusha sauti. "Mafuta yanakamuliwaje?"

Lea alimtazama. Alikuwa na tusi tayari mdomoni, lakini binti yule hakuwa na kiburi chochote; alikuwa anaogopa tu. Tusi likakosa pa kutua.

"Unaanika mbegu mpaka ziwe za moto," alisema mwishowe. "Unapepeta. Unajaza mashine, unalalia mpini kwa uzito wako wote. Usiku mabega yatawaka. Mafuta yatulie siku mbili, ndipo uchuje kwa kitambaa. Mashudu yanayobaki ni ya nguruwe, au ya kuku kama hamfugi nguruwe."

"Na akitaka kuiona mashine?"

"Mlete Misigiri. Atatukuta tunakamua, sote kumi na watano. Na wewe uje na nguo ya kazi, uwe wa kumi na sita."

 Mselemu alipiga honi mara mbili, lakini mkewe hakuinuka mpaka alipouliza njia ya kufika.