Kayaki ya Verna

"Ina kasoro gani?" aliuliza karani wa kaunta ya kurudishia bidhaa.

"Haina kasoro," nikamjibu. "Hatuihitaji."

Aliipitisha kadi yangu ya uanachama mashineni, na kayaki nyekundu, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, ikaburutwa nyuma ya mapazia ya plastiki. Ghala lile la wanachama, duka la jumla la kuingia kwa kadi, halikatai kitu kinachorudishwa. Nimeona watu wakirudisha magodoro waliyoyalalia mwaka mzima. Nilitoka nikijiona mtu mwenye busara. Mke wangu, Verna, alikuwa na siku ya nne hospitalini, amewekewa nyonga mpya.

Aprili ya mwaka huo tulikuwa tumefuata sabuni na karatasi za chooni ghalani hapo. Verna akasimama karibu na matairi, mahali kayaki zilipopangwa.

"Naitaka hii."

"Una miaka sitini na tisa."

"Kwa hiyo ningoje sabini?" Akaipigapiga ubavuni kama mtu anayechagua tikiti maji. "Miaka arobaini nalitazama ziwa kutoka dirisha la jikoni, Elmer. Sasa nataka nilitazame dirisha la jikoni kutoka ziwani."

Tukaifunga juu ya gari. Mimi nilimaliza sekondari kwa masomo ya jioni, nikiwa na miaka arobaini na moja, baada ya zamu za kiwandani, na tangu hapo sikuamini jambo lisilosomewa. Nikaazima vitabu vitatu maktaba. Nikamwambia hatagusa maji kabla hajajua namna ya kujitoa kayaki ikipinduka. Basi Mei nzima Verna alikaa ndani ya kayaki juu ya nyasi za ua wetu, kafi mkononi, nami kitini nikimsaili. Ziwa lilikuwa hatua sitini tu.

"Shemeji!" jirani yetu Gordy alipaza sauti juu ya uzio. "Umeshafika Kanada?"

"Bado!" Verna akamjibu. "Nangoja cheti kutoka kwa mwalimu wangu!"

Wakacheka. Mimi nikafungua sura ya nne.

Mwezi wa Juni Verna akaanguka ngazini, akavunjika nyonga.

Baada ya upasuaji walimpeleka kituo cha mazoezi, akarudi nyumbani mwisho wa Agosti akitembelea fimbo. Daktari alikuwa amemruhusu kuingia majini Septemba. Kabla hata ya kukaa, alikwenda gereji.

"Iko wapi?"

"Nimeirudisha."

Akaegemea fimbo. "Wakaipokea?"

"Wanapokea chochote."

"Haikuwahi hata kulowa," alisema, akazima taa.

Kesho yake nikakimbilia ghalani. Kila mwanachama anajua: kitu cha msimu kikiisha, kimeisha. Pale karibu na matairi walikuwa wameshasimamisha miti ya Krismasi. Nikamwambia Verna tutaagiza duka jingine.

"Acha," akasema. Akaning'iniza pazia dirisha la jikoni, zito, la rangi ya kahawia.

Aprili iliyofuata kayaki zikarudi ghalani, safari hii za buluu. Nikaitwaa moja bila kuuliza, nikaipakia kwenye toroli bapa, mgongo ukilia.

"Hakuna vitabu," nilimwambia. "Hakuna maswali. Leo hii hii unaingia ziwani."

Verna aliitazama kitambo. Akaweka kiganja juu yake, kisha akakiondoa.

"Tumefuata kahawa," alisema, akashika njia. Nyonga ilikuwa imepona kabisa. Ilinibidi niharakishe kumfikia.