Meno Hamsini na Matatu

Talato Nikiema alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na magoti yake, ukimsikiliza yeye mwenyewe, yalikuwa na sabini. Kila siku ya shule alipiga pedeli kutoka Zagtouli, magharibi ya Ouagadougou, hadi upande wa pili kabisa wa jiji, Dassasgho, akawapikie wanafunzi mia tatu wali na kunde. Kilomita kumi na nane kwenda, kumi na nane kurudi, na jioni juu ya keria ndoo ya chakula kilichobaki chunguni. Ndoo hiyo ndiyo iliyolisha watu watano nyumbani tangu mume wake aingie mashamba ya kakao ya Kodivaa, asirudishe hata salamu.

Sasa ndoo ilikuwa hatarini. Oktoba ile Talato alikuwa amechelewa mara mbili, na Bi Ilboudo, msimamizi wa jiko, hakuwa mtu wa kupayuka. Alisema mara moja tu.

"Ya tatu, Talato, usijisumbue kuvaa aproni. Geuza baiskeli yako urudi."

Ndipo Talato akamwendea shemeji yake Hamado, ambaye ujanani alikimbiza baiskeli za mashindano mpaka akavunjika bega. Hamado alimfungulia mfuko: gia ya mbele, gia ya nyuma na tairi mbili nyembamba, vyote vya baiskeli yake ya enzi zile.

"Shemeji, na hizi utafika kabla hujaondoka," alimwambia.

Talato akaupeleka mfuko kwa fundi Drabo, kwenye kibanda chake cha mabati pale njia panda. Drabo ni Msamo, Talato ni Mmosi, na Msamo na Mmosi ni watani tangu mababu. Hao wakikutana bila kutukanana, majirani huuliza kuna ugomvi gani. Mwaka wa tisa huo Drabo alikuwa akimtengenezea baiskeli, na katika miaka yote tisa hawakuwahi kuamkiana kistaarabu hata siku moja.

"Heee, mtumwa wangu huyo!" Drabo alimpokea. "Umetoroka tena?"

"Nimekuja kuhesabu mbwa wa mtaa huu. Naona wamepungua."

Wateja kwenye benchi wakacheka. Drabo alitoa gia kwenye mfuko, akazihesabu meno kwa ukucha.

"Hamsini na matatu mbele. Nyuma kumi na sita. Zako ni arobaini na nne kwa kumi na nane."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukizungusha pedeli mara moja utakwenda mbali, na utalia mbali. Hizi ni za watu wenye mapaja. Wewe hayo ni mapaja au miiko ya kusongea ugali?"

"Shika spana, mla mbwa."

"Zitakuvunja magoti, mtumwa. Ukishakuwa kilema nikuuze kwa nani?"

"Funga. Bwana wako ameamuru."

Drabo alifunga. Alipokuwa anakaza nati ya mwisho, kichwa kimeinama, alisema tena, "Ngoja upepo wa Desemba. Utarudi hapa unatambaa, na mimi nitakufunga kamba na mbuzi wangu." Benchi zima likaangua kicheko, Talato naye akacheka hadi akashika mbavu. Jamani, neno hilo hilo angeambiwa na fundi mwingine yeyote angerudi nyumbani kulifikiria. Lakini nani husikiliza ushauri kwa mtani?

Mwezi mzima Hamado alionekana nabii. Baiskeli ilikimbia juu ya lami ile tambarare kama imepakwa mafuta, Talato akawapita vijana wenye mabegi, akawapita wauza mkaa, akafika Dassasgho bawabu bado anapiga miayo. Siku moja Bi Ilboudo alimkuta ameshachambua kunde nusu gunia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kwa Bi Ilboudo kutikisa kichwa ni sherehe.

Kisha Desemba ikaingia na harmatani yake. Upepo wa jangwani ulishuka kutoka kaskazini mashariki, umejaa vumbi, ukimpiga usoni kuanzia anapoondoka hadi anapofika. Meno hamsini na matatu dhidi ya upepo! Kila mzunguko ulikuwa kama kusukuma mlango ambao mtu kaukalia upande wa pili. Wiki ya kwanza alijikaza. Wiki ya pili goti la kulia likavimba, akalifunga kitambaa, akasema litazoea. Goti la miaka hamsini na mmoja lizoee nini? Jumanne ya wiki ya tatu, katikati ya jiji, lilikataa kukunjuka. Talato alishuka, akaanza kuikokota baiskeli, na alipofika getini wanafunzi walikuwa wanaimba wimbo wa taifa.

Bi Ilboudo alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Hakufoka. Aliitazama ndoo tupu juu ya keria, akamtazama Talato, akasema, "Nilikuambia."

Basi akageuka. Kurudi nako ni kilomita zile zile, kwa miguu, akichechemea na kuegemea usukani. Upepo sasa ulikuwa mgongoni, unamsukuma kana kwamba nao umeambiwa umtoe mjini. Alikasirika nao mpaka machozi yakamtoka. Alifika kwa Drabo alasiri, akaketi kwenye benchi kwa kujiachia tu, na akangoja atukanwe.

Drabo aliliona goti. Akaiweka chini pampu aliyokuwa nayo.

"Shikamoo, dada," alisema.

Talato alishtuka moyo.

"Drabo, usinitishe. Kwani nimekufa?"

"Umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa."

Drabo alijifuta grisi mikononi kwa muda mrefu kuliko grisi yenyewe ilivyohitaji. "Nilikuambia mara tatu," akasema.

"Ulinitukana mara tatu!" Talato alipaza sauti. "Miaka tisa hujaniambia neno moja la kweli. Ningejuaje kwamba siku hiyo ndiyo umeanza?"

Drabo aliinama juu ya baiskeli. Angeacha utani nukta moja, akamwambia, Talato, hapana, sizifungi, leo ndoo ingekuwa imejaa. Alilijua hilo, na lilimkaa usoni. Akaifungua yote. Akatoa gia za Hamado, akachakura kwenye debe la vyuma vikuukuu hadi akapata ya mbele yenye meno thelathini na manane na ya nyuma yenye ishirini. Akarudisha tairi nene.

"Hizi ni za polepole," alisema. "Wazee watakupita. Lakini goti halitauma sana, hata na upepo."

"Za kunipeleka wapi, Drabo? Kazi sina."

"Kesho ondoka saa tisa na nusu usiku. Nitakuwa njiani nakungoja."

Alfajiri ile walikwenda pamoja, vichwa vimefunikwa kwa vitambaa kwa sababu ya baridi na vumbi. Miguu ilizunguka, ilizunguka, baiskeli ikasogea kidogo kidogo, na kila aliyekuwa na magurudumu aliwapita. Walifika saa kumi na moja na dakika hamsini. Drabo hakuomba ruhusa. Alijilaza chali mlangoni pa jiko, kofia kifuani, vile Wasamo wanavyozuia jeneza la Mmosi lisitoke mpaka wapewe haki yao.

"Mkuu wa watumwa wangu yuko wapi?" alinguruma. "Mmeuza mtu wangu bila kuniuliza! Hapiti mtu hapa!"

Wapishi walijaa mlangoni, vitunguu mkononi, wakijiuma midomo wasicheke. Bi Ilboudo alitokea nyuma yao. Naye ni Mmosi. Alikuwa na haki ya kumwita bawabu, ila Mmosi anayemfukuza Msamo aliyelala mlangoni atasemwa hadi kaburini. Alisimama, mikono kiunoni. Talato alishika usukani kwa nguvu.

"Ondoka hapo, mla vichwa vya mbwa," Bi Ilboudo alisema hatimaye. "Utawatia watoto viroboto."

Kelele zilizopigwa hapo! Amejibu utani, basi amekubali. Hakuna Mmosi asiyejua hivyo. Wapishi walipiga makofi. Mmoja alimrushia Talato aproni.

"Saa kumi na mbili kamili," Bi Ilboudo aliongeza, akimwelekezea kidole. "Kila siku. Hadithi za upepo sitaki."

Talato alivaa aproni. Kila siku. Kwa gia hizi maana yake ni kuamka saa tisa, na harmatani ingevuma miezi miwili mingine, na baada yake joto, na baada ya joto mvua, na mwaka ujao upepo tena. Alikuwa amepigania kazi na ameipata, na barabara yote amerudishiwa.

"Haya, Talato!" wapishi walimchagiza. "Bwana wako amekukomboa, una la kumwambia?"

Walimzunguka, wakingoja tusi. Talato alimtazama Drabo aliyekuwa akijikung'uta vumbi.

"Nimechoka, Drabo," alisema. "Nimechoka mimi."

Jiko zima, likidhani ni utani, likaangua kicheko, na Bi Ilboudo ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Drabo peke yake hakucheka. Alikwenda kwenye baiskeli ya Talato, akachuchumaa, akawa anabonyeza tairi ya mbele, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.