Inchi Tatu za Fremu

Nanyama, fundi wa nguo wa mtaa wa Free Area, aliirudisha dukani runinga aliyomnunulia mama yake jana.

"Boss, umenidanganya! Boksi linasema inchi arobaini na tatu. Nimepima upana, ni thelathini na saba."

Muuzaji akacheka. "Mathe, TV hupimwa kona hadi kona, si upana."

Nanyama aliona haya. Hata hivyo akatoa tepu, akapima kioo chenyewe kutoka kona hadi kona. Arobaini.

"Na hizo tatu ziko wapi?"

"Ziko kwa fremu."

"Kwani mama yangu, na macho yake mabovu, atatazama habari kwa fremu?"

Wateja waliokuwa foleni wakaanza kunung'unika. Muuzaji akambadilishia haraka kwa runinga nyingine, lakini Nanyama, bado na hasira, aliipima kioo kona hadi kona kabla ya kuondoka.